Bendera ya Lori la Kwanza

Nimestaafu kabla sijaota hata mvi moja. Barua inasema nimestaafishwa kwa manufaa ya umma. Nimeuliza umma upi, sijajibiwa. Kwa hiyo niko chumbani kwangu hapa Nyasho, Musoma, nina meza, nina karatasi, na asubuhi sina pa kwenda. Mwili haujakubali. Alfajiri ninaamka, ninavaa suruali, ninafika mlangoni, ndipo ninakumbuka.

Watu wakistaafu huwaandikia vijana wa ofisini mambo ya kazi. Vijana wangu ni wa rika langu, na wengine wamenizidi umri. Si kitu. Ninawaandikia ninyi mtakaoikalia meza ya Ofisa Usafirishaji katika ushirika wetu wa pamba, kabla hamjaizoea. Mkiizoea hamtanisikia tena.

Siku ya kwanza nilifika karakana ya Musoma nimevaa viatu vyeusi vya kung'aa. Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu, nina maoni juu ya kila kitu. Mkuu wa karakana, Mzee Marwa, alikuwa amelala chali chini ya lori, miguu yake tu ndiyo ilionekana. Nikaisalimia miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Ofisa Usafirishaji mpya."

"Ahaa. Yule aliyekutangulia tulimwitaga Bwana Kesho. Wewe jina lako litakuja lenyewe. Nipe spana hiyo."

"Ipi?"

"Ndiyo limeanza kuja," miguu ikasema.

Jina lilipokuja lilikuwa Kwa Nini, na nililistahili. Kwa nini lori hili halitoki? Kwa nini lile linatoka kila siku? Kwa nini springi zinavunjika zaidi upande wa kushoto kuliko wa kulia? Mzee Marwa alijibu mengine, mengine alinitukana kwa upole. Alinifundisha kunusa breki zilizoungua, kupapasa tairi na kujua limekimbizwa kiasi gani, na kutazama bapa za springi kama mganga anavyotazama ulimi. Alikuwa pia na imani kwamba ajali zote husababishwa na madereva wasio na wake. Nilimwonyesha kwamba madereva wetu waliopinduka karibu wote wana wake. Akasema, "Basi wana wake wabaya." Mwalimu mzuri si lazima awe sahihi kila mara.

Baada ya karakana nilipelekwa barabarani na dereva aliyeitwa Magesa. Alikuwa mtu wa upande wa Butiama, mwembamba, mwimbaji wa kwaya ya parokia, hanywi hata togwa iliyolala. Kazi yetu ilikuwa kukusanya pamba kwenye maghala ya vijijini na kuipeleka Bunda, kwenye kiwanda cha kuichambua. Barabara ilikuwa ya changarawe, na katika kiangazi ilikuwa imeota mbavu, matuta madogo madogo yaliyopangana kutoka ukingo hadi ukingo. Tulipoyaingia kichwa changu kiligonga paa.

"Shika hapo, Ndugu Ofisa," Magesa akasema. "Sasa nakuonyesha siri."

Akakanyaga mafuta. Lori lilitetemeka hadi nikahisi meno yangu yanalegea, kisha ghafla likatulia. Tulikuwa tunateleza juu ya migongo ya yale matuta, laini kabisa.

"Umeona? Ukienda polepole gari linakufa. Ukikimbia linapaa."

"Na likipaa, breki zinashika nini?"

Magesa alicheka akatikisa rozari iliyoning'inia kwenye kioo. "Ndiyo maana nasaliga kabla ya kutoka."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Mbavu zile hazikuletwa na mvua wala na shetani. Zilichimbwa na magurudumu yanayokimbia. Mbio zilileta mbavu, na mbavu zilidai mbio. Niliandika kwa watu wa barabara kuomba greda. Greda lilikuja, likalainisha, madereva wakafurahi, wakakimbia zaidi, na mbavu zikarudi kabla vumbi la greda halijatua. Nilimwambia Mzee Marwa kwamba tumejifunga kwenye duara. Akasema hilo amelijua tangu wakati wa Mwingereza, ila alikuwa hajui kwamba mtu anaweza kupata shahada kwa kulijua.

Kisha zikaja siku za kuhamia vijijini. Malori yetu yaliazimwa kubeba watu. Tulibeba nguzo, mitungi, mawe ya kusagia, kuku waliofungwa miguu. Kijiji kimoja kati ya Butiama na Bunda, ambacho sitakitaja, kilipangwa mistari miwili, nyumba zikitazamana kuvuka barabara kuu. Kisima kilikuwa upande mmoja tu. Nilikuwepo Magesa aliposhusha mizigo ya mama mmoja aitwaye Nyangeta, mkulima wa pamba, mjane mwenye binti mmoja mdogo. Kiongozi wa operesheni alimwonyesha mlango wa nyumba utakapokaa.

"Kwa nini mlango uangalie barabara?" Nyangeta akauliza. "Milango ya kwetu inaangaliaga zizi. Mtu anatoka, anaona ng'ombe wake."

"Mama, barabara ndiyo maendeleo. Uyaone yakipita."

"Yakishapita yananiachia nini?"

"Vumbi," Magesa akasema kutoka juu ya lori, na watu wote wakaangua kicheko, hata kiongozi. Nami nilicheka. Nilifurahi pia kukutana na mtu mwingine anayeuliza kwa nini. Mlango ulijengwa kuangalia barabara.

Sasa niwaelezeni bendera, maana mtaikuta ikisimuliwa vingine.

Msimu uliofuata Meneja aliitisha mkutano wa wafanyakazi wote. Alikuwa mtu mchangamfu, mpenda kazi, na siandiki haya kumfanya shetani. Alitangaza mashindano. Lori litakaloongoza kwa tripu kila juma litapewa bendera nyekundu yenye mkia mrefu, iliyoshonwa na fundi wa hapa Nyasho, lipeperushe kwenye mkono wa kioo cha pembeni hadi lingine lilishinde. Nilinyoosha mkono.

"Ndugu Meneja, tunahesabu tripu. Nani anahesabu springi?"

"Ndugu yangu, huko Chuo Kikuu mlifundishwa kuuliza tu? Kujibu hamkufundishwa?"

Ukumbi mzima ulicheka. Ilikuwa kejeli nzuri, lazima nikiri. Bendera ikapita kwa makofi.

Magesa aliichukua juma la kwanza na hakuiachia. Tazameni ilivyokuwa. Lori lake lilipovunja springi, halikuweza kusubiri, kwa kuwa lilikuwa lori la bendera, kwa hiyo springi ilitolewa kwenye lori la jirani. Likaungua breki, breki zikatoka kwa jirani wa pili. Mzee Marwa alikuwa akipita katikati ya malori yaliyosimamishwa juu ya mawe huku akiyapigapiga mabodi.

"Haya ndiyo yanashinda," aliniambia. "Hili limetoa mguu, lile limetoa moyo. Bendera anapewa anayekimbia."

Niliandika barua kwa Magesa ya kumkaripia kwa springi. Alikuja nayo ofisini, ameikunja vizuri.

"Ofisa, unataka nifanye nini? Nikipunguza kwenye mbavu, gari linavunjika zaidi. Nikipunguza, Chacha ananipita." Chacha alikuwa dereva wa pili kwa tripu, kijana mwenye sauti kubwa. "Na kijijini wananisubiriga."

"Nani?"

"Watu. Kina mama wanapiga vigelegele. Ile ni pamba yao, bendera wanaona ni yao. Watoto wana mchezo sasa. Wanakimbia pembeni, anayegusa mkia wa bendera ndiye mshindi." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nimewakemea. Nimepiga honi. Wakisikia honi ndiyo wanatoka wote."

Nilimwambia apunguze pale kijijini. Akasema sawa. Nilimwambia Meneja kuhusu mchezo wa watoto. Akasema suala la watoto ni la walimu. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, akasema wakitoka shuleni ni wa wazazi. Nikaenda kwa wazazi. Nyangeta alinisikiliza akiwa amesimama kwenye mlango wake unaoangalia barabara.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe nimemzoesha kamba. Mtoto nimzoeshe nini? Zamani tulikaaga mbali na gari. Mmetuleta ninyi."

Ajali ilitokea mchana kweupe, shule ikiwa imetoka. Binti wa Nyangeta aliitwa Nyanjige. Wenzake walisema aliushika mkia wa bendera. Hakuugusa tu, aliushika.

Nilifika na Landrova ya ofisi. Madereva wote huambiwa kwamba wakigonga mtu wasisimame, wakimbilie kituo cha polisi, maana wanakijiji watawaua. Magesa alikuwa amekaa kwenye mtaro, mikono juu ya magoti, na hakuna aliyemgusa. Wanakijiji walikuwa wamemzunguka tu. Yeye ndiye aliyewahi kuwashushia mizigo yao na kuwachekesha. Lori lilikuwa limesimama mbele sana. Nilitembea kutoka mahali alipolala mtoto kwenda kwenye lori, na safari ile ilikuwa ndefu kiasi kwamba katikati yake nilitaka kukaa chini. Huo ndio urefu wa kupaa, breki zikiwa hazina cha kushika. Nilipofika, injini ilikuwa bado inanguruma, na bendera ilikuwa inachezacheza.

Ninyi mnaokuja mtasikia kwamba alikuwa amelewa. Hilo lilisemwa kwanza katika kikao chetu. Nikasema Magesa hanywi. Wakasema basi ni uzembe. Nikauliza uzembe unaopewa bendera unaitwaje. Meneja akaendelea na ajenda.

Mahakamani nilijaribu tena. Nilieleza mbavu, tripu, bendera. Hakimu alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Je, ni bendera iliyokanyaga mafuta?" Kabla sijajibu Magesa alinyanyuka kizimbani.

"Mheshimiwa, mguu ulikuwa wangu."

Basi. Alifungwa. Walipokuwa wakimtoa nilimkaribia mlangoni, nikamwambia angeniachia nimalize. Nilikuwa na hasira naye, Mungu anisamehe.

"Ofisa, usininyang'anye," akasema. "Nikisema ni bendera, nitamwambia nini yule mama? Lakini na wewe usiwaachie wao. Mguu wangu, bendera yao. Kila mtu abebe chake."

Nilisoma falsafa muhula mzima bila kuambiwa jambo zito kama hilo, na bado sikubaliani nalo lote. Mguu wa mtu ukisukumwa kila siku na watu wazima wanaopiga makofi, ni wake kwa kiasi gani? Nimeligeuza swali hili hadi limenichubua. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akienda gerezani, kwa hiyo nilinyamaza.

Bendera ilirudishwa ofisini, ikatundikwa ukutani nyuma ya kiti cha Meneja. Fundi alikuwa ameshona upya mkia uliochanika.

Nyangeta alikuja Musoma. Aliingia ofisini amejitanda kaniki, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Nilikuwepo. Meneja alimpa pole kwa moyo, kweli kwa moyo, akaagiza aletewe chai, akasema ushirika umeshatoa sukari na unga kwa ajili ya matanga.

"Nimeshukuru," Nyangeta akasema. "Nimekuja kuomba kile kitambaa."

Meneja akageuka kuitazama. "Bendera? Mama, hiyo ni mali ya ushirika."

"Na mimi ni mwanachama. Siku ile pamba yangu ilikuwa kwenye lori."

Chai ilikuwa inapoa.

"Jumamosi anakabidhiwa Chacha," Meneja akasema polepole. "Pale Bunda, mbele ya wanachama. Tumeshatangaza. Kazi haiwezi kusimama, mama."

"Chacha anapitaga njia ipi?"

"Barabara ni moja, mama."

"Basi watoto watatoka tena," akasema. Hakulia. Aliinuka, akaniambia kwaheri mimi kabla ya kumwambia Meneja, jambo lililomuudhi Meneja kuliko yote yaliyotangulia.

Siku zilizobaki hadi Jumamosi sikukaa kitini. Nilikwenda karakana, nikarudi, nikatembea hadi ziwani, nikarudi. Nilimwuliza Mzee Marwa angefanya nini. Alikuwa chini ya lori kama kawaida.

"Mimi nina watoto wanaosoma," miguu ikajibu. Kisha ikaongeza, "Wewe huna."

Jumamosi ile uwanja wa Bunda ulijaa. Kulikuwa na ngoma, maturubai, malori yaliyooshwa. Kazi yangu ilikuwa kushika bendera kwenye sinia na kumpelekea Meneja, naye amkabidhi Chacha. Nilimwona Nyangeta kati ya akina mama, mstari wa mbele, mikono mitupu. Meneja alihutubia vizuri juu ya kukimbia wakati wengine wanatembea. Kisha akaninyooshea mkono.

Nilimpita. Si mbali, ni hatua chache tu, lakini uwanja mzima ulizisikia. Nikasimama mbele ya Nyangeta, nikainamisha sinia. Aliichukua bendera, akaikunja kama mtu anayekunja nguo ya mtoto, akaiweka kifuani ndani ya kaniki. Akina mama walitazamana, hawakujua kama inafaa kupiga vigelegele. Hawakupiga.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Chacha. "Afadhali!" akasema, kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona. "Kitu chenyewe nilikuwa nakiogopa."

Barua yangu ilikuja. Nimeshawaambieni ilivyosema. Mashindano hayakurudi, kwa sababu ambayo hakuna aliyeieleza, na mimi safari hii sikuuliza.

Majuzi nilichukua baiskeli nikaenda kijijini. Kwanza nilipitia gerezani kumsalimia Magesa. Amekonda, anaimba kwaya ya wafungwa. Aliniuliza bendera iko wapi. Nikamwambia ninakwenda kuitazama.

Nyangeta ameisimamisha kwenye mti wa mkonge, ukingoni, pale njia ya kisima inapovuka barabara. Jua limeipausha, mkia umeanza kuchanika tena. Chini yake kuna rundo la mawe ya ukubwa wa ngumi, yamepangwa vizuri. Nyumba yake imebadilika pia. Ameziba mlango wa barabarani kwa udongo, akatoboa mwingine nyuma, unaoangalia zizi. Nilimkuta huko.

"Karibu, mwanangu. Kwa Nini wetu."

Tulikwenda tukakaa karibu na bendera. Nikamwuliza kama magari yanapunguza.

"Yanapunguza."

"Kwa ajili ya bendera, au kwa ajili ya mawe?"

"Wewe na maswali yako! Subiri lije uliulize."

Tulisubiri. Lori lilitokea upande wa Butiama, nikalisikia kabla ya kuliona, limepaa juu ya mbavu, ule mlio laini mmoja. Watoto waliokuwa na ndoo walisimama upande wa pili. Kisha mlio ukabadilika. Gia ikashuka, ikashuka tena, na lori likaangukia kwenye mbavu kwa uzito wake wote, likaanza kugongagonga, mabodi, minyororo, kila kilicholegea. Lilipita mbele yetu kwa mwendo wa ng'ombe. Vumbi halikufika hata magotini. Watoto walivuka nyuma yake na ndoo zao, bila kukimbia.

Alikuwa Chacha. Alitoa kichwa dirishani, jasho linamtoka.

"Kwa Nini! Springi zangu zinakufa hapa! Kila siku zinakufa hapa hapa!"

"Ziache zife!" nikamjibu.

Ninyi mtakaoikalia meza yangu, mtapata maombi ya springi kutoka kwa madereva wa njia ile, mengi, na kwenye sababu wameandika jina la kijiji kile kimoja. Sainini. Msiulize kwa nini.